Kiganja cha Dobi

Gari la Mama Cheche lilipokata kona kuingia mtaa wa mafundi, wenye viti nje waliviingiza ndani, na wenye watoto waliwavuta kwa ukosi wa shati. Haikuwa heshima, yalikuwa mazoea. Koo za watoto wa moto mjini pale hazikuzidi nne, lakini kwa maringo zilitosha kugawiwa miji kumi.

Asili yao kila mtu aliijua, maana wenyewe hawakuchoka kuisimulia. Jini hushuka, humwoa mwanamke wa ukoo, huzaa naye, kisha huondoka kama alivyokuja. Mtoto hubaki na damu ya udongo kama mimi na wewe, ila ngozi yake ni ya moto. Akikugusa anakuunguza, ndiyo maana hawatoki bila glovu. Ukifungua duka jipya, au ukihamia nyumba mpya, unamwita mtoto wa moto avuke kizingiti kabla yako ili mikosi iungue. Anavuka, anapigiwa makofi, anaketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Hiyo ndiyo kazi yao. Wa kufagia duka hilo kesho yake ni wewe mwenyewe uliyeumbwa kwa udongo.

"Shangazi, una wageni," alisema Mwalimu kutoka kwenye benchi la duka la dobi. Alikuwa akisubiri mashuka yake. Mama yake Mwalimu alikuwa nguva, na ingawa yeye aliishi nchi kavu na kufundisha hesabu, pindo la gauni lake halikuwahi kukauka, na mashuka aliyolalia yalikuwa hayakubali jua. Kila wiki aliyaleta yakaushwe kwa pasi.

"Wageni gani?" Shangazi aliuliza bila kuinua macho kwenye kifungo alichokuwa akikishona. "Nguo za nyumba ile huletwa na mtumishi. Wenyewe wangekanyaga huku wangeugua."

"Basi leo wameamua kuugua. Wanashuka."

Nyuma ya kaunta, kwenye meza ya pasi, alisimama Dobi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika, maana tangu Shangazi amchukue akiwa yatima wa miaka tisa, mtaa mzima ulimwita kwa kazi ya nyumba ile. Aliweka pasi kwenye kisahani chake, akajifuta jasho, akafunga kiganja cha kulia kama alivyozoea, vidole vikiwa vimelifunika lile kovu.

Kovu hilo lilikuwa na miezi minane, na aliyelisababisha alikuwa akishuka garini sasa hivi.

Siku ile Cheche alikuja mwenyewe, peke yake, ameficha furushi dogo chini ya koti. Zilikuwa jozi sita za glovu. Dobi alikuwa amefua glovu za ukoo ule tangu utotoni na alizijua kama anavyozijua pua na mdomo wake. Siku zote zilikuja kavu, zimebabuka ncha za vidole, zikinuka kama mkate ulioungua. Hizi za Cheche zilikuwa mbichi kwa jasho. Aliinua macho kumtazama mwenye nazo, akakuta anatazamwa, na kijana yule alikuwa na macho ya mtu anayeomba asiulizwe. Dobi akasahau pasi. Ikamteleza, ikalala kwenye kiganja chake.

Cheche aliruka kaunta. Alivua glovu, akamkamata mkono, akaushika kwa mikono yake miwili mitupu. Ilikuwa ya baridi. Baridi kama ya mtungi.

"Sasa unajua," alimwambia kwa sauti ndogo. "Ukitaka kuniangamiza, una la kusema."

"Kumvua mtu nguo si kazi yangu," Dobi alimjibu huku machozi ya maumivu yakimtoka. "Kazi yangu ni kufua."

Na hapo ndipo mapenzi yalipoanzia. Dada yake Cheche alikuwa mtoto wa moto kweli, alibabua hata vishikio vya milango. Lakini yule jini hakurudi mara ya pili, na mama mtu, aliyeonja makofi na viti vizuri, hakuwa tayari kusema kwamba huyu wa pili baba yake alikuwa dereva aliyepita mjini msimu mmoja. Akamvisha glovu akiwa na siku saba. Cheche hakuwahi kuzivua mbele ya watu tangu hapo, isipokuwa mchana, saa ya chakula, Shangazi akiwa hayupo, nyuma ya kaunta ya dobi, vidole vyake vikiwa ndani ya vidole vya Dobi. Miezi minane alimwambia, "Nitaleta wazee. Nivumilie." Miezi minane Dobi alivumilia na kumwomba Mungu.

Sasa mlango ulifunguliwa.

Mama Cheche aliingia kwanza, akiwa ameshika pindo la vazi lake lisiguse sakafu ambayo ilikuwa imepigwa deki asubuhi ile. Aliangalia hanga, beseni, chupa za wanga, akaangalia benchi lililolowa alipoketi Mwalimu, akakunja pua. Cheche alimfuata, amevaa glovu nyeupe, macho chini.

"Hodi haipigwi siku hizi," Shangazi alisema. "Karibuni."

"Tumekaribia. Kiti kipo?"

"Lipo benchi."

Mama Cheche aliliangalia tena benchi. "Nitasimama." Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kumeza dawa. "Bibi, sisi hatuna maneno mengi. Mwanangu ametaka mke. Kama ujuavyo, wamemjia mabinti wa nyumba tatu, wazazi wao wamelala kifudifudi kuniomba. Nimewarudisha. Nimekuja kumposa huyu wako."

Sindano ya Shangazi ilisimama hewani. Mwalimu alisahau kufunga mdomo.

Dobi alishika ukingo wa meza. Alimtazama Cheche, naye akainua macho mara moja tu, akatabasamu kidogo, na tabasamu lile likamshukia Dobi kama maji kwa aliyefunga. Ameleta. Alisema ataleta, na ameleta.

"Huyu wangu ni dobi," Shangazi alisema taratibu.

"Naona."

"Hana baba, hana mama."

"Ndiyo vizuri, hakuna wa kunisumbua nyumbani." Mama Cheche alitoa kitambaa akajipepea. "Sitakuficha, bibi, si chaguo langu. Ningejaliwa uchaguzi nisingepita hata mtaa huu. Lakini mtoto akililia wembe mpe. Atakaa nyumba yangu, chumba cha nyuma. Hatakuja huku tena, maana sabuni hunuka mpaka kwenye nywele. Na wewe hutakuja kule, bila ya kuitwa."

"Na kuitwa kwenyewe ni lini?"

"Tutaona."

Mwalimu alikohoa. "Posa nimeziona nyingi," alisema akiangalia dari. "Hii ni ya kwanza ya mtu kuja kununua mbuzi huku akimtukana mbuzi."

"Na huyu aliyelowa ni nani?"

"Mteja," alisema Shangazi. "Analowa kwa asili, hajamwagiwa. Nguva hawanunui sifa."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Shangazi alikuwa ameshaanza kujiuliza kwa nini mtu mwenye mabinti wa nyumba tatu magotini amejitembeza mpaka mtaa wa mafundi. Lakini Dobi hakujiuliza. Mwenye njaa haulizi nani kapika.

"Nina neno na mchumba," Mama Cheche alisema. "Peke yetu."

Walikwenda uani, katikati ya kamba za kuanikia. Mashuka yaliwazunguka pande zote kama kuta. Hapo Mama Cheche aliacha kujipepea.

"Fungua mkono."

"Upi, mama?"

"Usijifanye mjinga, na mama nitakuwa siku ya harusi. Wa kulia."

Dobi alifungua. Kovu lilikuwa pana, limetanda kutoka shina la kidole gumba mpaka katikati ya kiganja. Mama Cheche aliliinamia, akalipapasa kwa ncha ya kidole kama anayekagua kitambaa dukani, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wake ulilainika.

"Zuri," alisema.

"Zuri?"

"Siku ya Kushika unaijua."

Nani asiyeijua. Mtoto wa moto akioa mtu wa udongo, bibi harusi hutoa kiganja mbele ya watu wote, bwana huvua glovu, wakashikana kwa pumzi mia. Asiyepiga kelele amependa. Alama inayobaki huitwa muhuri, na wake za koo zile hawasalimii kwa mdomo tena maisha yao yote. Hupunga kiganja tu, muhuri ukitazama watu, ili uone na ukereke.

"Basi sikiliza, maana sitarudia. Mwanangu unamjua alivyo, ameniambia unajua. Nikimwoza binti wa watu, baada ya pumzi mia kiganja kitatoka kama kilivyoingia, na mimi nitakuwa kichekesho cha mji. Lakini wewe tayari umeungua. Utakuja umefungwa kitambaa mkononi, kama wote wanavyofungwa. Nitakufungua mwenyewe. Wageni watakaa mbali. Mkimaliza utainua mkono, watu watashangilia."

Upepo ulivuta shuka, likampiga Dobi begani.

"Hili ni la miezi minane, mama. Limeshapoa rangi. Wataona ni la zamani."

"Ndiyo nakuja hapo." Mama Cheche alishusha sauti, na sauti ile ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayemwonyesha mtumishi mahali pa kuweka vikombe. "Siku mbili kabla, utagusisha pasi tena palepale. Kidogo tu, liamke. Binti wa watu siwezi kumwambia hivyo. Wewe si umezoea."

Dobi alikuwa akisikia maneno yale yakizama ndani yake moja moja. Wewe si umezoea. Hakuyaudhikia yote sawa. Chumba cha nyuma angekaa. Sabuni angeioga ikamtoka. Hata pasi, na Mungu anajua, angeweza kuigusa kwa ajili ya mtu yule, kwa hiari yake, bila kuombwa. Kilichomchoma kilikuwa kingine. Kovu lile alilificha kwa kila mtu. Wateja hawakuliona, Mwalimu hakuliona, hata Shangazi aliambiwa limepona. Aliyelijua upana wake na mahali lilipolala alikuwa mmoja peke yake.

"Nimekusikia," alisema. "Twende ndani nitoe jibu."

"Jibu la nini? Nilidhani tumemaliza."

"Kwetu aliyeposwa hujibu, mama. Hata akiwa dobi."

Walipoingia, Cheche alikuwa amesimama palepale, akichezea ncha za glovu zake. Dobi hakupita nyuma ya kaunta. Alikwenda akasimama mbele yake, karibu mpaka akasikia pumzi zake. Alikuwa kijana mzuri, na uzuri wake ulizidi akiwa na hofu. Dobi alijichukia kwa kuliona hilo hata sasa.

"Nani alimwambia mama yako habari ya mkono wangu?"

Cheche aliacha kuchezea glovu. "Mimi."

"Lini?"

"Dobi, hapa si mahali..."

"Ni mahali pangu pekee. Lini?"

"Wiki iliyopita." Alisogea, akanong'ona. "Nilijaribu kila njia, wallahi. Nilimwambia nakupenda, akacheka. Nilimwambia nitahama, akaniuliza nitakula nini, sijui kazi yoyote ila kuvuka vizingiti. Nikakosa la kumwambia. Ndipo nikamwambia kuhusu kovu, na hapo akanyamaza, akafikiri, akasema tuje. Nilifanya kwa ajili yetu. Si tunaoana? Si ndilo ulilokuwa ukiliomba?"

"Na la pasi mara ya pili? Alilibuni yeye au mlilibuni pamoja?"

Cheche aliangalia viatu vyake, na viatu vyake vilikuwa safi sana.

Shangazi alisimama. "Pasi gani mara ya pili?"

"Mambo ya harusi," Mama Cheche aliwahi. "Ya wanawake."

"Mimi pia nadhani ni mwanamke. Pasi gani?"

"Niachie, Shangazi," Dobi alisema. "Nusu dakika tu." Sauti yake ilikuwa imetulia, na waliomjua wangeiogopa. "Cheche, sikudai kitu miezi yote hii. Leo nadai kimoja. Kikipatikana, nitakuja nyumba yenu hata mkinilaza jikoni." Alificha mkono wa kulia nyuma ya mgongo, akanyoosha wa kushoto, ule mzima, kiganja juu. "Vua glovu unishike huu. Hapahapa, mbele ya Shangazi, mbele ya Mwalimu, mlango ukiwa wazi. Pumzi mia. Kitakachoonekana kionekane. Tukimaliza tutakuwa maskini wawili, lakini tutakuwa wawili."

Nje, fundi viatu aliacha kugonga.

Cheche aliutazama mkono ule. Macho yake yalijaa maji, na mapenzi yalikuwemo machoni mle, Dobi aliyaona, hakuna wa kumdanganya. Vidole vyake vya kulia vilipanda vikashika ukingo wa glovu ya kushoto. Vikaivuta. Ngozi ya kifundo ikaonekana, nyeupe kidogo kuliko uso, ngozi ya kitu kisichojua jua. Dobi akaomba moyoni: ni mja wako, Mungu, moja tu, mpe nguvu hii moja tu.

"Cheche," mama yake aliita. Hakupaza sauti. Aliita kama mtu anayemwita paka. "Jumamosi kuna duka la vitambaa, wamekutaka wewe."

Vidole vilisimama. Kisha, taratibu, kimoja kimoja, vikaisukuma glovu mahali pake na kuilainisha isiwe na mkunjo.

"Si desturi kabla ya siku yenyewe," Cheche alisema. Alisema akiangalia ukuta. "Watu watasemaje. Baada ya harusi, Dobi, nitakushika kila siku. Tutakuwa peke yetu, hakuna atakayetuona."

Dobi alibaki na mkono hewani kitambo kidogo, kama aliyenyoosha bakuli kwa mtu asiye na kitu. Mkono mtupu haulambwi. Akaushusha. Alimtazama tena kuanzia nywele mpaka viatu, polepole, na alichokuwa akikitafuta hakukiona tena. Alimwona mtu mzima aliyevishwa glovu akiwa na siku saba na ambaye mpaka leo anasubiri kuvuliwa.

"Shangazi," alisema, "waambie wageni posa imekataliwa."

Mama Cheche alicheka kwa pua. "Dobi anakataa? Kesho utakuja kupiga magoti getini kwangu."

"Sitakuja, mama. Na nisikilize, maana na mimi sirudii." Alikwenda kwenye meza, akaishika pasi, ikiwa bado ya moto, akaiweka juu ya kaunta mbele ya yule mama, mpini ukimtazama. "Mnataka kiganja kilichoungua. Pasi hizi zinauzwa kila duka. Nunueni, mjiunguze wenyewe. Mtazoea."

Mwalimu alimtazama Mama Cheche, akamtazama Cheche na glovu zake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu, akajumlisha. Mama Cheche aliona anajumlisha. Rangi ilimtoka. Alishika pindo la vazi, akageuka, na mwanawe akamfuata hatua mbili nyuma, kama siku zote. Mlangoni Cheche aligeuza kichwa. Dobi alikuwa ameshainamia meza. Gari likawaka, likaondoka, na viti vikaanza kurudi nje kimoja kimoja.

Shangazi alimkaribia, akamkamata mkono wa kulia, akaufungua kwa nguvu. Alilitazama kovu kwa muda mrefu.

"Uliniambia limepona."

"Linapona, Shangazi."

"Mwanangu." Alimshika kichwa, akakiegemeza begani kwake kidogo, kisha akamwachia, maana alimjua. Wengine hufarijiwa kwa kukumbatiwa, huyu alifarijiwa kwa kuachwa afanye kazi.

Dobi alilitandaza shuka la Mwalimu, akachovya vidole kwenye beseni akanyunyiza, akapitisha pasi. Akanyunyiza tena. Matone yaliyoanguka safari hii hayakutoka vidoleni, lakini kwenye shuka la mtoto wa nguva nani angejua tofauti. Mvuke ulipanda ukamfunika uso, akashukuru.

Mwalimu alivumilia mpaka shuka la pili, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Binti, nisamehe. Mji mzima utaniuliza na lazima niwe na la kuwajibu. Ni kweli umemkataa mtoto wa moto?"

Dobi aliinua pasi, akakunja shuka mara mbili, akalibana kingo zikalingana.

"Waambie sijakataa mtoto wa moto, Mwalimu. Nimekataa mtoto wa mama yake."